Ng'ombe wa chuma wa Karagwe

Swali la "hiki kimetoka wapi?" linaonekana dogo. Huku Karagwe lilikuja kuwa suala la kufa na kupona.

Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Bweranyange kwa Mfalme Rumanyika. Alipokelewa vizuri, akasikiliza masimulizi ya mwenyeji wake, kisha akashika Biblia na kumweleza mfalme asili ya ukoo wake, akianzia na Adamu! Katika kitabu chake cha 1863 akaandika kwamba watawala wafugaji wa ukanda huu walitoka Uhabeshi. Ushahidi wake mkubwa? Sura za watu.

Mwaka 1876 akaja Henry Morton Stanley, akaonyeshwa hazina ya mfalme: bata wa shaba, ng'ombe wa shaba nyekundu wasio na vichwa, zana za chuma. Karagwe inajulikana pia kwa ng'ombe wadogo wa chuma wenye pembe ndefu. Nani alivifua? Mapokeo ya Karagwe yanamtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, mfalme aliyekuwa mhunzi. Na chuma si mgeni Kagera. Katuruka, karibu na Bukoba, wanaakiolojia walifukua mabaki ya tanuri za karibu miaka 2,000 iliyopita.

Sasa mtazame huyo ng'ombe. Chuma ndicho jembe la mkulima, ng'ombe ndiye mali ya mfugaji. Mimi naona mfalme akisema hawa wawili ni wangu, na ni wamoja. Speke alipita hapo hapo akawagawa: huyu mgeni mtawala, yule mwenyeji mtawaliwa.

Wakoloni waliipenda nadharia hiyo. Miaka ya 1930 Wabelgiji waliandika ukabila kwenye vitambulisho vya Wanyarwanda. Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia kwamba Watutsi wanapaswa kurudishwa Ethiopia kupitia mto Nyabarongo. Maji ya Nyabarongo huingia Kagera, mto unaopakana na Karagwe na Kyerwa. Mwaka 1994 mto huo ulileta maiti, na wakimbizi wakavuka kwa maelfu.

Sisemi Speke aliua. Siasa za miaka mingi ndizo ziliua. Ila wazo lake lilisafiri miaka 130 bila watu wa kutosha kuliuliza: wewe nawe, umetoka wapi?

Tuulize, jamani. Ng'ombe wa chuma alikuwa na jibu tangu mwanzo.