Mwaka jina la Joseph lilipopigwa marufuku Zaire

Imepita zaidi ya nusu karne tangu Januari 1972, mwezi ambao rais wa Zaire, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya leo, alilitupa jina lake la ubatizo. Joseph-Désiré Mobutu, mzaliwa wa Lisala, akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Raia nao wakaamriwa wafuate: kila Pierre na kila Albert ajitafutie jina la mababu zake. Padri atakayembatiza mtoto kwa jina la kizungu alitishiwa kifungo cha miaka 5.

Yaliyotangulia ni mafupi kusimulia. Kwa Waluba wa Kasai, pacha wa kwanza ni Mbuyi na wa pili Kabanga, na wavulana wengi walirithi majina ya babu zao. Wamisheni wakaja na watakatifu wao. Wakati wa Wabelgiji jina la ubatizo ndilo lililotangulia shuleni na ofisini, la babu likaonekana la kijijini.

Kishindo kilikuwa mwaka huo wa 1972. Wanasayansi wa siasa Crawford Young na Thomas Turner, ambao kitabu chao cha 1985 kimeniongoza hapa, wanauona mgogoro huo wa majina kuwa ni kupimana nguvu kati ya dola na Kanisa. Nakubaliana nao. Aliyesimama mbele ya Mobutu ni Kardinali Joseph-Albert Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, na wala hakuwa mtetezi wa Uzungu. Miaka mingi alipigania misa yenye sura ya Kiafrika, ile ambayo Roma iliiidhinisha mwaka 1988. Alichokataa ni serikali kumpangia mzazi jina la mwanawe. Gazeti la Kikatoliki lililohoji likafungiwa. Makazi ya kardinali yakatwaliwa, wakapewa vijana wa chama tawala cha MPR; mwenyewe akaenda Roma na kukaa huko miezi kadhaa mpaka Vatikani ilipopatanisha. Aliporudi, amri ilikuwa palepale. Hata Askofu Tharcisse Tshibangu aliandikwa Tshibangu Tshishiku.

Na majina hayo yaling'aa, lazima tukiri. Mwaka 1974 Zaire ilicheza Kombe la Dunia ikiwa na Kazadi Mwamba golini, Mwepu Ilunga nyuma, na Ndaye Mulamba, aliyekuwa ametoka kufunga mabao 9 katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Mvulana wa Lubumbashi aitwaye Ilunga hakuwa tena na sababu ya kulionea haya jina lake.

Inaniuma kwamba fahari ile iliegemea amri ya mtu mmoja. Utawala wake ulipolegea miaka ya 1990, Joseph na Pierre walirudi hadharani, na aliyemng'oa mwaka 1997 aliitwa Laurent-Désiré Kabila. Hata hivyo, Sheria ya Familia ya 1987, kifungu cha 58, inataka majina yachotwe katika urithi wa utamaduni wa nchi. Wazazi hulijaza jina la babu kwenye hati, kisha nyumbani mtoto akaitwa Dieumerci au Héritier. Huko mashariki, Baraka au Amani. Ni majina mazuri, lakini mtoto anapaswa pia kuelezwa babu aliyeandikwa kwenye hati yake alikuwa nani. Wavulana wa 1972 sasa ni wazee. Waulizwe mapema: waliacha jina gani, walichukua lipi, na nani aliwachagulia.