Tanga Ndani ya Mlingoti: Kutoka Kutua hadi Kukunja

1. Swali la kale

Tangu binadamu alipoanza kuutegemea upepo uendeshe chombo chake, alikabiliwa na kazi mbili: kulitandaza tanga upepo unapokuwa mdogo, na kulipunguza unapozidi. Kazi ya pili ndiyo ngumu zaidi, maana hufanywa bahari ikiwa imechafuka na mikono ya mabaharia imechoka.

Mabaharia wa Bahari ya Hindi walilijibu swali hilo kwa njia yao. Tanga la jahazi hufungwa kwenye foromali, na foromali hupandishwa kwa henza. Upepo ulipozidi, nahodha aliamuru foromali iteremshwe, tanga kubwa lifunguliwe na dogo lifungwe mahali pake. Kazi hiyo ilihitaji watu wengi. Hata hivyo ilikuwa na fadhila moja: henza ikilegezwa, tanga hushuka kwa uzito wa foromali, na kila aliye chomboni huona lilipo.

2. Kutoka watu wengi hadi mmoja

Katika merikebu za Ulaya mabaharia walipanda juu ya milingoti, wakainama juu ya foromali na kulikusanya tanga kwa mikono. Walioteleza walianguka sitahani au baharini. Mnamo 1850 Mwingereza Henry Cunningham alipata hataza ya foromali inayozunguka na kujiviringishia tanga, ili kazi hiyo ifanyike kutoka chini. Mwanzoni mwa karne ya 20 wazo la kuviringisha lilihamia kwenye matanga madogo ya mbele ya mashua za matembezi.

Tanga kuu lilifikiwa katika miaka ya 1970. Ted Hood, mshonaji matanga wa Marblehead huko Marekani, aliyeiongoza mashua Courageous kushinda America's Cup mwaka 1974, alieneza mlingoti ulioitwa Stoway. Mlingoti huo una uwazi ndani, na katika uwazi huo umesimama mhimili unaozunguka. Tanga hujiviringisha kwenye mhimili, likiingia na kutoka kupitia mwanya mwembamba ulio nyuma ya mlingoti. Kamba moja hulivuta nje kando ya mti wa chini. Nyingine huzungusha mhimili na kulirudisha ndani. Mtu mmoja, hata mzee, huweza kuifanya kazi iliyokuwa ya kundi zima.

3. Gharama yake

Faida hiyo haikupatikana bure. Vijiti vya kulala vinavyolikaza tanga la kawaida haviwezi kuviringishwa. Kwa hiyo tanga hili hukatwa likiwa na ukingo wa nyuma uliobonyea, na nguvu yake hupungua. Gharama kubwa zaidi ni kukwama. Tanga lililozeeka na kulegea hufanya makunyanzi. Likiviringishwa bila kukazwa, tabaka zake hujaa ndani ya mlingoti na kunjo moja hubanwa kwenye mwanya. Hapo tanga haliingii wala halitoki, nalo haliwezi kuteremshwa, kwa kuwa halishuki kabla ya kutolewa lote nje.

Ndiyo maana utaratibu wake una masharti. Chombo huelekezwa karibu na upepo, upepo ukitoka kidogo upande ule unaoliwezesha tanga kuingia mwanyani bila kujikunja kwa pembe kali. Mti wa chini huwekwa kwenye kimo kinachofaa: ukiinuka mno ukingo wa nyuma hulegea, ukishuka mno tanga hujiviringisha vibaya. Wakati wa kulirudisha, kamba ya kulivutia nje hulegezwa polepole huku ikishikiliwa, isiachwe ovyo. Tanga likikwama, kosa kubwa ni kuongeza nguvu kwa winchi, kwa maana kunjo huzidi kubanwa na kitambaa huchanika. Dawa ni kulivuta nje kidogo, kulirudisha kidogo, na kurudia hivyo mpaka kunjo lifunguke. Kisha litolewe na kuviringishwa upya. Haraka haraka haina baraka.

4. Ushahidi wa lugha

Kiswahili kinaionyesha tofauti hiyo waziwazi. Tanga la jahazi *hutwekwa* na *hutuliwa*, na vitenzi hivyo viwili ndivyo vya mzigo: mzigo hutwekwa kichwani na hutuliwa chini. Tanga, basi, lilifahamika kuwa kitu chenye uzito, na uzito huo ndio uliowaokoa mabaharia dhoruba ilipowakuta. Tanga la ndani ya mlingoti *hukunjwa* na *hukunjuliwa*. Kitenzi cha pili ni kinyume cha cha kwanza kwa kiambishi tu, kana kwamba kazi yenyewe inarudi nyuma bila taabu. Mwanya uliobanwa huonyesha kwamba sivyo.

Kwa hiyo chombo hicho hakikuiondoa hatari; kiliihamisha kutoka juu ya foromali, mahali ilipoonekana na wote, hadi ndani ya mlingoti, mahali isipoonekana na yeyote. Anayekitumia amepunguziwa kazi ya mikono, lakini hajapunguziwa wajibu wa kujua kinachotendeka gizani mle.