Marubani na Maofisa wa Manowari Rufiji, 1914–1915: Majukumu Yao na Jasho la Wananchi wa Pwani

Na Mwandishi Wetu, Kibaha

Mkoa wa Pwani, wenye makao yake makuu mjini Kibaha, ni miongoni mwa maeneo ya awali barani Afrika ambako ndege na manowari zilitumika pamoja katika vita. Hilo lilitokea katika Delta ya Rufiji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Makala haya yanaeleza majukumu ya kila siku ya maofisa wa meli na marubani waliohusika, pamoja na nafasi ya wananchi waliobeba mzigo wa vita hivyo.

Chimbuko la mapambano

Manowari ya Ujerumani Königsberg, yenye mizinga 10 ya milimita 105 na wanamaji zaidi ya 300, iliwasili Dar es Salaam mwezi Juni, 1914 ikiongozwa na Nahodha Max Looff. Tarehe 20 Septemba, 1914 iliishambulia manowari ya Uingereza Pegasus iliyokuwa Zanzibar ikitengenezwa mitambo. Wanamaji zaidi ya 30 wa Pegasus walipoteza maisha. Muda mfupi baadaye injini ya Königsberg nayo iliharibika, hivyo Nahodha Looff akairejesha mafichoni Rufiji. Mwishoni mwa Oktoba, manowari ya Uingereza Chatham iliigundua, na milango ya mto ikazingirwa.

Majukumu ya maofisa ndani ya meli

Kwa desturi ya wanamaji, siku ya melini hugawanywa kwa zamu, kwa kawaida kila moja ikiwa ya saa 4. Ofisa wa zamu husimama darajani na kuwajibika kwa usalama wa chombo chote. Ofisa wa uongozaji husoma ramani, kina cha maji, kupwa na kujaa. Ofisa wa mizinga husimamia silaha na baruti. Ofisa mhandisi husimamia matanuri na injini, na daktari huangalia afya ya watu wote.

Huko Rufiji kila jukumu lilikuwa zito kuliko baharini. Makaa ya mawe yalikuwa haba, hivyo mhandisi alilazimika kupima kila tani. Meli ilisogezwa kwa kufuata maji kujaa, kwani maji yanapokupwa ingeweza kukwama topeni. Joto, mbu na homa ya malaria viliwapunguza wanamaji, na baadhi yao walishushwa kulinda kingo za mto kutoka kwenye mikoko.

Majukumu ya marubani

Waingereza hawakuweza kuiona Königsberg kutoka baharini, kwa kuwa ilifichwa na mikoko. Mwezi Novemba, 1914 walimleta rubani wa kiraia, Dennis Cutler, pamoja na ndege yake inayotua majini, kutoka Durban, Afrika Kusini. Rejeta ya ndege hiyo ilipoharibika, ililetwa ya gari aina ya Ford kutoka Mombasa. Cutler alifanikiwa kuiona manowari hiyo, lakini mwezi Desemba ndege yake ilianguka na yeye akatekwa.

Baada ya Waingereza kukiteka Kisiwa cha Mafia, Januari 1915, kisiwa hicho kilifanywa kituo cha ndege. Ndege za wakati huo ziliundwa kwa mbao na kitambaa. Joto liliyeyusha gundi na kuharibu mpira, na nyingine zilishindwa kupaa juu vya kutosha. Kazi ya mafundi ilikuwa kuzikagua na kuzikarabati mara kwa mara. Rubani aliongoza ndege. Mwenzake, mwangalizi, alitazama kombora linapoangukia na kuijulisha meli kwa ishara za redio kama limepita, limepungua au limekwenda pembeni.

Tarehe 11 Julai, 1915 manowari ndogo Severn na Mersey, zenye uwezo wa kupita katika maji ya kina kifupi, ziliingia mtoni kwa mara ya pili baada ya jaribio la tarehe 6 Julai. Ndege ya rubani John Cull na mwangalizi H. J. Arnold ilipigwa. Injini ilizimika, lakini Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha huku ndege ikishuka. Ilianguka mtoni, na wote wawili waliokolewa na boti ya Mersey. Königsberg iliungua, na Nahodha Looff akaamuru izamishwe.

Jasho la wananchi

Awali, sehemu za injini zilizoharibika zilikokotwa kwa nchi kavu kutoka Rufiji hadi karakana ya reli Dar es Salaam, zikatengenezwa na kurudishwa. Baada ya meli kuzama, mizinga yote 10 iliopolewa na kupelekwa Dar es Salaam. Waliovuta mizigo hiyo kwa kamba walikuwa Waafrika. Ardhi iliyo kati ya Rufiji na Dar es Salaam ni pamoja na Mkuranga ya leo, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kisarawe.

Mzinga mmojawapo ulifika Kigoma na kufungwa kwenye meli Goetzen, ambayo leo ni MV Liemba. Reli ya Kati iendayo Kigoma hupita milima ya Pugu jirani na Kisarawe, kisha Soga na Ruvu wilayani Kibaha. Mzinga mwingine upo Fort Jesus, Mombasa.

Majina ya Looff, Cutler, Cull na Arnold yamehifadhiwa vitabuni. Majina ya waliovuta kamba, kwa sehemu kubwa, hayakuandikwa. Wazee wa Pwani wenye simulizi walizorithi kuhusu safari hizo wanahimizwa kuwasimulia vijana, na walimu wa historia kuziandika.

Aidha, mwananchi atakayekuta kitu kinachofanana na kombora au risasi ya zamani, shambani au mtoni, asikiguse wala kukiuza kama chuma chakavu. Awazuie watoto kukisogelea na atoe taarifa mara moja kwa ofisi ya Serikali ya Kijiji au kituo cha Polisi kilicho karibu.