Pua ya kuundwa hudai visu viwili

Oktoba 1794, jarida la Gentleman's Magazine la London lilichapisha habari za Cowasjee, mwendesha mikokoteni ya ng'ombe katika jeshi la Waingereza huko India. Katika vita vya 1792 alitekwa na watu wa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore, wakamkata pua na mkono mmoja. Alikaa hivyo kama mwaka mzima, hadi fundi mmoja wa Pune, wa jamii ya wafyatua matofali, alipomwundia pua nyingine.

Fundi alitengeneza umbo la pua kwa nta, akalitandaza juu ya paji la uso, akachora ukingo wake. Akaichuna ngozi kwa kufuata mchoro, ila akaacha ukanda mwembamba katikati ya nyusi, maana humo ndimo damu ilimopita. Akaipindua ngozi, akaishusha mahali pa pua na kuibandika. Ilipofika siku ya 25 hivi, ngozi ikiwa imeshika, akaukata ukanda.

Maarifa hayo yalikuwa ya kale. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, mafundisho ya Sushruta, mganga wa kale wa India, yalikwisha eleza pua inayoundwa kwa ngozi ya shavu, na mirija miwili ya kumpa mgonjwa pumzi. Kukatwa pua kulikuwa adhabu, basi waganga hawakukosa wa kuwatibu. Ulaya nako, Gaspare Tagliacozzi wa Bologna alitoa kitabu mwaka 1597: yeye alitumia ngozi ya mkono, na mgonjwa alikaa mkono umefungwa usoni kwa wiki kadhaa.

Habari za Cowasjee zilimvutia daktari Joseph Carpue. Alijizoeza kwa maiti, kisha mwaka 1814 akampasua mtu hai jijini London, naye bila dawa ya usingizi, kwa kuwa ilikuwa bado kupatikana.

Vita Vikuu vya Kwanza vilileta nyuso zilizobomolewa na mizinga. Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, alitibu maelfu ya askari huko Sidcup, Uingereza. Binamu yake Archibald McIndoe akaja kuwashughulikia marubani walioungua katika Vita vya Pili. Naye alishiriki kuifikisha kazi hiyo kwetu: mwaka 1957 yeye, Michael Wood na Mmarekani Tom Rees, wote wapasuaji wa kuunda upya viungo, walianzisha shirika la madaktari wa ndege la Afrika Mashariki, linaloitwa leo Amref Health Africa. Wood mwenyewe alirusha ndege kuwafuata wagonjwa vijijini.

Huku kwetu pua hupotea kwa njia nyingi. Ukoma huangusha mwamba wake. Noma, ugonjwa unaokula nyuso za watoto wenye utapiamlo, uliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa Desemba 2023. Waasi wa LRA nao walikata watu pua, midomo na masikio kaskazini mwa Uganda. Mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, una Panzi, hospitali iliyoanzishwa na Denis Mukwege mwaka 1999, inayojulikana duniani kwa kurekebisha miili ya wanawake waliojeruhiwa na ukatili wa vita.

Njia ya paji la uso bado inatumika, na mpaka leo ukanda huachwa kama wiki tatu kabla ya kisu cha pili. Hapo ndipo penye kazi kwa mtu wa Mudaka. Mudaka iko kwenye barabara ya Bukavu kwenda Kavumu, ambayo ilipitiwa na vita Februari 2025, uwanja wa ndege wa Kavumu ukatekwa na mji wa Bukavu ukafuata. Mgonjwa akirudi kijijini na ukanda usoni, halafu njia ikafungwa, atakikosa kisu cha pili. Kwa hiyo anayetaka kumsaidia asiishie kulipia upasuaji: amtafutie pia pa kulala na chakula karibu na hospitali kwa wiki hizo zote.