Katiba ya Marekani na Neno Lililofichwa

Mazungumzo haya yahusu watu waliotunga Katiba ya Marekani, na neno moja ambalo hawakutaka kuliandika. Neno lenyewe ni "mtumwa". Ukiisoma Katiba hiyo kama ilivyotungwa mwaka 1787, tangu mwanzo hata mwisho, hulioni neno hilo hata mara moja. Lakini mambo ya utumwa yamo ndani yake mahali patatu. Yafaa tuulize kwa nini watu wale walikiweka kitu wakalificha jina lake, maana katika swali hilo twaweza kuuona wema wa kazi yao na upungufu wake kwa pamoja.

Kwanza yatupasa kufahamu katiba ni nini. Sheria za kila siku zamwonya raia: lipa kodi, usiibe, usimpige mwenzako. Katiba yaionya serikali yenyewe. Yaeleza nani atatunga sheria, nani atazitimiza, nani atahukumu, na kila mmoja wao akomee wapi. Mkubwa ye yote akiivuka mipaka hiyo, amevunja sheria kama vile mwizi aivunjavyo.

Zamani nchi ile ilikuwa makoloni 13 ya Uingereza, yaliyopangana katika pwani ya bahari ya Atlantiki. Vita kati ya Uingereza na Ufaransa vilipokwisha mwaka 1763, Bunge la London lilitaka makoloni yasaidie kulipa gharama. Likatoza kodi juu ya hati na magazeti, na baadaye juu ya chai. Watu wa makoloni wakanung'unika. Walisema kwamba hawana mjumbe hata mmoja katika Bunge lile. Basi ni nani aliyeikubali kodi hiyo kwa niaba yao? Manung'uniko yakawa ugomvi, na ugomvi ukawa vita mwezi wa Aprili, 1775.

Mwaka uliofuata wajumbe wa makoloni, waliokuwa wakikutana katika mji wa Philadelphia, waliwachagua watu watano waandike tangazo la kujitenga na mfalme. Kazi ya kalamu alipewa Thomas Jefferson wa Virginia, mtu wa miaka 33. Maana ya maneno yake ni hii: watu wote wameumbwa sawa; Muumba wao amewapa haki zisizoweza kuondolewa, nazo ni uhai, na uhuru, na kuitafuta furaha; serikali hupata mamlaka yake kwa ridhaa ya wale wanaotawaliwa; na serikali ikiziharibu haki hizo, watu wana ruhusa kuibadili. Tangazo hilo lilikubaliwa tarehe 4 Julai, 1776.

Wakati Jefferson alipokuwa akiandika maneno hayo, alihudumiwa na kijana wa miaka 14 aliyeitwa Robert Hemmings. Kijana huyo alikuwa mtumwa wake. Katika maisha yake yote Jefferson alimiliki watu zaidi ya 600.

Tusidhani kwamba alikuwa haoni. Katika andiko lake la kwanza alitia maneno makali ya kulaumu biashara ya watumwa, akamtwika mfalme lawama yote. Wajumbe wenziwe waliyafuta maneno hayo. Jefferson mwenyewe aliandika kwamba yalifutwa ili kuwaridhisha watu wa South Carolina na Georgia, waliotaka biashara hiyo iendelee. Tena akasema kwamba hata watu wa kaskazini waliona haya kidogo, kwa kuwa merikebu zao nazo zilichukua watumwa. Mtu mwingine mashuhuri wa Virginia, Patrick Henry, aliandika katika barua ya mwaka 1773 kwamba utumwa ni jambo baya asiloweza kulitetea, na kwamba yeye anao watumwa kwa sababu ni taabu kuishi bila wao. Hayo si maneno ya mtu asiyejua. Ni maneno ya mtu ajuaye, ila hataki kuipoteza faida yake.

Vita vilikwisha kwa mapatano ya mwaka 1783, na makoloni yakawa majimbo huru. Lakini umoja wao ulikuwa dhaifu. Baraza lao halikuwa na uwezo wa kutoza kodi, wala wa kulipa madeni ya vita. Katika mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts walioelemewa na madeni walishika silaha wakazifunga mahakama. Ndipo watu wenye busara walipoogopa kwamba nchi itavunjika kabla haijasimama.

Basi toka Mei hata Septemba 1787, wajumbe 55 wa majimbo 12 walikutana tena katika Philadelphia. Rhode Island peke yake haikupeleka mtu. George Washington, aliyekuwa jemadari wa vita, alikaa kitini kama mwenyekiti. Milango ilifungwa, walinzi wakawekwa, na kila mjumbe aliahidi kutotoa siri. James Madison wa Virginia aliandika kila siku yaliyosemwa, na kwa kazi yake hiyo twajua mengi leo.

Shida yao ilikuwa hii. Walitaka serikali yenye nguvu ya kutosha kutawala, lakini walikuwa wamemkimbia mfalme, nao hawakutaka kumtengeneza mfalme mwingine. Basi waliyagawa mamlaka mafungu matatu. Baraza la Congress, lenye nyumba mbili, litunge sheria. Rais azitimize. Mahakama zihukumu. Tena kila fungu likapewa njia ya kulizuia jingine: Rais aweza kuikataa sheria, na Congress yaweza kuipitisha tena kwa thuluthi mbili za kura za kila nyumba, Rais huchagua majaji, lakini Baraza la Seneti lisipokubali hawapati kazi, na Rais mwenyewe aweza kushtakiwa na kuondolewa. Hawakutegemea wema wa mtu, bali walipanga mambo hivi kwamba tamaa ya mmoja izuiliwe na tamaa ya mwenziwe. Fikira hii ni ya akili nyingi, na nchi nyingi zimeifuata baadaye.

Lakini katika nyumba ile ile, kati ya watu wale wale walioogopa mamlaka yasiyo na mpaka, yapata 25 walikuwa mabwana wa watumwa. Je, kuna mamlaka gani yasiyo na mpaka kuliko ya bwana juu ya mtumwa wake?

Swali hili halikusahauliwa. George Mason wa Virginia alisimama mwezi wa Agosti akaulaumu uchukuzi wa watumwa, akasema kwamba waiteremshia nchi hukumu ya mbinguni. Yeye naye alikuwa na watumwa wengi. Wajumbe wa South Carolina na Georgia walijibu kwamba biashara hiyo ikikatazwa, majimbo yao hayataingia katika umoja. Basi wakafanya mapatano.

Mapatano hayo ndiyo yale mahali patatu niliyoyataja. La kwanza, katika kuhesabu watu ili kugawa viti vya Congress, watumwa watano watahesabiwa kama watu watatu. Mtumwa hakupata kura wala mjumbe kwa hesabu hiyo; aliyefaidika ni bwana wake, kwa kuwa jimbo lake lilipata viti vingi zaidi, na sauti kubwa zaidi katika kumchagua Rais. Kati ya Marais watano wa kwanza, wanne walikuwa mabwana wa watumwa kutoka Virginia. La pili, Congress haitakuwa na ruhusa ya kukataza watumwa kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1808. La tatu, mtumwa akitorokea jimbo jingine, lazima arudishwe.

Na katika yote matatu, neno "mtumwa" halimo. Wameandikwa "watu wengine", au "watu ambao majimbo yataona vema kuwaingiza", au "mtu aliyefungwa na kazi". Madison alisema katika mkutano kwamba si vema kukubali ndani ya Katiba wazo la kwamba binadamu aweza kuwa mali. Neno likafichwa, na jambo likabaki. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1790, watumwa wa Marekani walikuwa karibu 700,000, katika watu wapatao milioni 3.9.

Wapo wanaowatetea watunzi wale kwa kusema kwamba bila mapatano hayo umoja usingalikuwapo kabisa, na ya kwamba Katiba isingaliandikwa. Hoja hii ina nguvu, maana vitisho vya kusini havikuwa vya mchezo. Lakini yafaa kuangalia ni nani aliyelipa gharama ya mapatano. Katika mapatano ya haki, kila upande hutoa kitu chake. Hapa waliotoa kitu, yaani maisha yao na ya watoto wao, hawakuwamo katika nyumba ile, wala hawakuulizwa.

Sasa tuwatazame watu hao ambao hawakuulizwa, kwa kuwa baadhi yao waliyasikia maneno ya uhuru wakayashika kwa nguvu kuliko wale walioyaandika. Katika Massachusetts alikuwako mwanamke mtumwa aliyeitwa Bett. Katiba ya jimbo hilo, ya mwaka 1780, ilisema kwamba watu wote wamezaliwa huru na sawa. Bett alimwendea wakili akamwambia amsaidie kuidai haki hiyo. Mwaka 1781 mahakama ilimpa uhuru wake, na bwana wake akaamriwa kulipa shilingi 30. Akajiita Elizabeth Freeman, na jina hilo Freeman maana yake ni mtu huru. Miaka tisa baadaye, watu walipohesabiwa, katika Massachusetts hakuandikwa mtumwa hata mmoja.

Mwingine ni Ona Judge, kijana mwanamke aliyekuwa mtumwa wa nyumba ya Rais Washington. Mwaka 1796 alitoroka kutoka nyumba ya Rais katika Philadelphia, akapanda merikebu mpaka New Hampshire. Washington, aliyetia sahihi sheria ya kurudisha watoro mwaka 1793, alijaribu kumrudisha asifaulu. Ona Judge alikaa huko hata alipofariki mwaka 1848. Katika sheria bado alikuwa mtoro, lakini nafsi yake ilikuwa yake. Washington naye, kabla ya kufa kwake mwaka 1799, aliandika katika wasia wake kwamba watumwa 123 waliokuwa mali yake wapewe uhuru baada ya kufa kwa mkewe. Jefferson hakufanya hivyo. Alipofariki mwaka 1826, tarehe 4 Julai, alikuwa na madeni mengi, na mwaka uliofuata watumwa wake 130 walitiwa mnadani.

Watunzi wengi walitumaini kwamba utumwa utakufa wenyewe polepole. Haukufa. Mashine ya kutenga pamba na mbegu zake, iliyobuniwa mwaka 1793, ililifanya shamba la pamba kuwa utajiri mkubwa, na watumwa wakaongezeka hata wakakaribia milioni 4 mwaka 1860. Mavuno ya kazi yao yalifika hata kwetu. Seyyid Said wa Unguja alifanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na merikebu za Salem zikaleta nguo iliyoitwa merikani, ambayo katika njia za misafara ya bara ilitumika kama fedha. Nguo hiyo ilifumwa katika viwanda vya kaskazini, kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini.

Mwaka 1857 Mahakama Kuu ya nchi, katika kesi ya mtumwa aliyeitwa Dred Scott, ilihukumu kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani, na ya kwamba maneno ya mwaka 1776 hayakukusudiwa kwa ajili yake. Deni lililoahirishwa katika Philadelphia lililipwa kwa damu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, toka 1861 hata 1865. Waliokufa walikuwa zaidi ya 600,000.

Hapo ndipo ulipofunguliwa mlango ambao watunzi wenyewe waliuacha. Walijua kwamba kazi yao haikutimia, wakaandika njia ya kuibadili Katiba: thuluthi mbili za kila nyumba ya Congress zikubali, kisha robo tatu za majimbo. Kwa njia hiyo haki za raia ziliongezwa mwaka 1791. Kwa njia hiyo, mwaka 1865, neno "utumwa" liliandikwa katika Katiba kwa mara ya kwanza, nalo liliandikwa ili jambo lenyewe likomeshwe, isipokuwa kwa mkosaji aliyehukumiwa. Mwaka 1868 kila mtu aliyezaliwa nchini na aliye chini ya sheria zake alihesabiwa raia. Mwaka 1870 ilikatazwa kumnyima mtu kura kwa ajili ya rangi yake. Wanawake walipata kura mwaka 1920.

Wala msidhani kwamba kuandika kulitosha. Majimbo ya kusini yaliwazuia watu weusi kupiga kura kwa kodi na kwa mitihani ya hila, hata sheria ya mwaka 1965 ilipovunja mengi ya vizuizi hivyo. Wenyeji wa asili wa nchi, ambao Tangazo la 1776 liliwataja kama washenzi wasio na huruma, hawakukubaliwa wote kuwa raia mpaka mwaka 1924.

Wahenga walisema, ahadi ni deni. Watu wa mwaka 1776 waliahidi zaidi ya walivyokuwa tayari kulipa, na kwa hiyo wastahili lawama. Lakini waliiandika ahadi yao waziwazi, na Elizabeth Freeman aliweza kuichukua mbele ya hakimu akaidai. Basi ninyi mnaojifunza kusoma sheria, someni yaliyoandikwa, kisha ulizeni ni jambo gani limepewa jina la kuficha, na ni nani asiyekuwamo chumbani siku ile mapatano yalipofanywa.