Vidonge vya Vitamini na Madini kwa Wajawazito
Ni nyongeza ya lishe, ambayo kwa mama wa Bwejuu, kijiji cha Zanzibar, ainamaye shambani mwa mwani maji yakipwa, aghalabu ni kidonge cha madini ya chuma na asidi ya foliki, kiongezacho damu na, pasina madhara, kugeuza choo kuwa cheusi. Ama kuhusu iwapo vitamini zaidi huzuia watoto njiti, wazaliwao kabla ya wiki 37 za ujauzito, utafiti wa Dar es Salaam uliotangazwa mwaka 2007, wa wajawazito 8,468 wasio na virusi vya UKIMWI, wote wakipewa kidonge hicho, ulibainisha kwamba kuwazidishia vitamini B, C na E kulipunguza watoto wa uzito hafifu kutoka asilimia 9.4 hadi 7.8, ilhali njiti hawakupungua.