Kiwango cha Umande Ndani ya Gari la Kulala

Huko Ulaya, wanaogeuza van kuwa chumba cha kulala huanza kwa kubishana juu ya kihami joto: sufu ya kondoo, pamba ya kioo au sponji? Kabla ya hapo wangejiuliza bati la bodi litapoa kiasi gani usiku. Fizikia ina istilahi ya jambo hilo: kiwango cha umande, yaani halijoto ambayo hewa ikipoa hadi kuifikia hushindwa kubeba mvuke wake wote, na unaozidi hugeuka maji.

Chukua usiku wa Januari nchini Ujerumani. Ndani ya gari kuna nyuzi 20 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 60. Kiwango cha umande ni nyuzi 12 hivi. Nje kunaganda, na bati liko karibu na sifuri. Hewa ikiligusa, linatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Na mvuke haukomi: waliolala wanapumua, na kila kilo ya gesi inayoungua kwenye jiko huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji.

Pamba ya kioo ndiyo inayowaponza wengi. Inazuia joto, haizuii mvuke. Nao unapenya na kulikuta bati likiwa baridi kuliko mwanzo, kwa sababu joto la ndani halivifikii tena vyuma. Maji yanateremka kwenye mbavu za bodi, yanatuama chini ya milango, na kutu inakula kimyakimya nyuma ya mbao. Sponji ya vitundu vilivyozibwa, ikigundishwa kwenye bati bila kuacha mwanya, ni afadhali sana, ilimradi kutu ya zamani ipigwe msasa na kupakwa praima kwanza. Vitundu vya kutolea maji chini ya milango visizibwe, na feni ya kutoa hewa iwepo.

Wapo wanaoandika “nukta ya umande”. Siafiki. Nukta ni kitone, na tayari tunasema kiwango cha kuchemka na kiwango cha kuyeyuka. Wengine wanaona umande ni wa nyasi za alfajiri tu. Lakini umande hauanguki kutoka juu. Hutokea palepale kwenye jani lililopoa, sawasawa na kwenye bati. (Aliyeukimbia shuleni atakutana nao garini.) Basi ukitaja kiwango cha umande, kitaje kwa nyuzi, asilimia ni za unyevu.